Sauti ya mahali

sauti ya mahali *nm* [i-/zi-] 1. sauti iliyorekodiwa au kutengenezwa kwa namna ambayo msikilizaji huitambua kuwa inatoka mahali mahsusi: mbele au nyuma, kulia au kushoto, juu au chini, karibu au mbali. 2. taaluma inayochunguza na kutengeneza sauti za aina hiyo.

sauti ya masikio mawili *nm* [i-/zi-] aina ya sauti ya mahali iliyoandaliwa ili kila sikio lipate mkondo wake, kama ambavyo lingeupata iwapo msikilizaji angekuwapo mahali penyewe. Husikilizwa kwa hedifoni.

Matatizo yanayojadiliwa

Istilahi hizi mbili zimeanza kuwafikia wafasiri wa Kiswahili kupitia maelezo ya simu, hedifoni, michezo ya kompyuta na programu za kuwaongoza wasioona barabarani. Makala hii haikusudii kubuni msamiati mpya. Inakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili tayari kina zana za kutaja mahali pa sauti kwa usahihi, na kwamba makosa mengi hutokea pale neno moja linapobebeshwa kazi mbili au tatu katika matini moja. Mifano imetolewa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya na Iringa, kwa sababu huko kuna kisa kinachoonyesha vizuri gharama ya kutotaja mahali pa sauti barabara.

Kisa cha kipunji

Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport, waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe mkoani Mbeya, walisikia kwa Wanyakyusa habari za nyani mwenye haya aitwaye *kipunji*. Mwanzoni hawakuwa na hakika kama anayetajwa ni mnyama wa kweli au wa masimulizi, hadi walipomwona. Mwaka 2004 Trevor Jones alimwona mnyama huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, ambayo Mkoa wa Iringa unaigawana na Morogoro. Makundi hayo mawili ya watafiti yalifanya kazi bila ya moja kujua habari za jingine, katika misitu iliyo umbali wa takriban kilomita 350. Walichapisha maelezo yao kwa pamoja mwaka 2005, na mwaka 2006 mnyama huyo akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliopo hawazidi sana 1,100.

Kipunji huishi juu ya miti katika misitu yenye ukungu na majani mazito. Mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Mlio wake ni mzito na wa nguvu, kati ya honi na mbweko, na ni miongoni mwa sifa zilizotumiwa kumtenganisha na nyani wa jamaa yake. (Kisarufi, jina lake huanza na *ki-* lakini hufuata upatanisho wa a-/wa-: *kipunji analia, vipunji wanalia*.)

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mtu anayehesabu wanyama msituni anaandika katika karatasi yake: *Saa 1:40 asubuhi, sauti ya juu, kulia.* Je, mlio ulikuwa wa nguvu, au ulikuwa mwembamba, au ulitoka upande wa juu wa mlima? Je, *kulia* ni upande wa mkono, au ni kitendo cha mnyama? Mwenzake aliye bonde la pili anaandika: *Saa 1:40, sauti ya juu.* Atakayezisoma karatasi hizo ofisini hataweza kuamua kama ni kundi moja lililosikiwa na watu wawili, au ni makundi mawili. Kwa mnyama ambaye idadi yake ni kama ya wanafunzi wa shule moja kubwa, kosa la kundi zima si dogo.

Jinsi masikio yanavyotambua mahali

Mfasiri hawezi kuchagua neno bila kujua jambo. Kwa hiyo maelezo mafupi ya fizikia yanahitajika.

Sauti itokayo upande mmoja hulifikia sikio la upande huo kwanza. Njia ya ziada ya kuzunguka kichwa hadi sikio la pili ni takriban sentimita 23, na tofauti ya muda haizidi milisekunde 0.6 au 0.7. Pamoja na udogo wake, ubongo huitumia tofauti hiyo. Aidha, kichwa hulikinga sikio la mbali, na hivyo sauti hulifikia ikiwa imepungua nguvu. Tunaweza kuiita hali hiyo kivuli cha kichwa. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliyaunganisha mambo haya mawili mwaka 1907: tofauti ya muda hutumika zaidi kwa sauti nene, na tofauti ya nguvu kwa sauti nyembamba. Mpaka kati yake uko karibu na hezi 1,500, ambapo urefu wa wimbi hukaribia ile njia ya ziada ya kuzunguka kichwa.

Hata hivyo, sauti iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa huyafikia masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile. Hali ni hiyohiyo kwa sauti iliyo juu ya utosi. Hapo husaidia mikunjo ya sikio la nje, ambayo hupunguza baadhi ya mitetemo na kuzidisha mingine kulingana na upande sauti inakotoka. Kichwa, mabega na masikio kwa pamoja hufanya kazi kama chujio la kichwa. Kila mtu ana lake, kwa kuwa hakuna watu wawili wenye masikio ya umbo moja. Watafiti hulipima kwa kuweka maikrofoni ndogo katika tundu za masikio ya mtu, au ya sanamu ya kichwa, na kupiga sauti kutoka pande nyingi. Kompyuta ikiipitisha sauti yoyote katika chujio hilo na kuipeleka kwenye hedifoni, msikilizaji huisikia kama inatoka mahali. Kazi hiyo ya kompyuta ndiyo uundaji wa sauti ya masikio mawili.

Iwapo chujio ni la mtu mwingine, makosa mawili hujitokeza mara kwa mara: sauti ya mbele kudhaniwa ya nyuma, na sauti kubaki ndani ya kichwa bila kutoka nje. Kuhusu kosa la kwanza, Hans Wallach alionyesha mwaka 1940 kwamba kugeuza kichwa kidogo husaidia kutofautisha mbele na nyuma. Ndiyo sababu hedifoni za kisasa huwekewa vipimo vya ufuatiliaji wa kichwa. Kuhusu kosa la pili, sarufi yetu ina la kusema, kama tutakavyoona.

Mkondo mmoja, stirio na masikio mawili

Maneno haya matatu yasichanganywe.

*Sauti ya mkondo mmoja* haihifadhi mahali. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, ukiwamo wa Wahehe. Rekodi hizo ni za mkondo mmoja. Anayezisikiliza leo hupata lugha, mahadhi na midundo, lakini hapati mpangilio wa waimbaji: nani alisimama upande gani wa duara, na ngoma ilikuwa wapi.

*Stirio* ina mikondo miwili iliyokusudiwa spika mbili zilizo mbele ya msikilizaji. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931. Humo masikio yote mawili husikia spika zote mbili.

*Sauti ya masikio mawili* nayo ina mikondo miwili, lakini kila mmoja ni wa sikio moja tu. Wazo lake ni la zamani kuliko hataza ya Blumlein. Katika maonyesho ya umeme ya Paris ya mwaka 1881, Clément Ader alisafirisha muziki wa opera kwa nyaya za simu, na kila msikilizaji akashika vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio.

Kwa hiyo, tofauti haiko katika idadi ya mikondo. Iko katika nani anasikia nini. Mfasiri anayeandika *sauti ya stirio* badala ya *sauti ya masikio mawili* kwa hoja kwamba zote zina mikondo miwili amepoteza maana yenyewe. Anayependelea kutohoa na kuandika *bainaurali* hazuiwi, mradi alieleze neno hilo mara ya kwanza. Lakini *masikio mawili* hujieleza lenyewe hata kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Kwa nini «mahali» na si «anga»

Majina kadhaa yanaweza kupendekezwa kwa ajili ya sauti ya aina hii. Tunayapima hapa.

*Sauti ya anga.* Haifai. Anga ni eneo la juu ya ardhi lenye hewa, wanamopita ndege, au eneo la sayari na nyota. Msomaji atadhani inazungumziwa ngurumo ya radi au mawasiliano ya marubani.

*Sauti ya nafasi.* Ina utata. Nafasi ni uwazi, fursa, wasaa na hata cheo. Katika matini ya sayansi inaweza kutumika, lakini peke yake haimwelekezi msomaji popote.

*Sauti ya pande zote.* Inafaa kwa mpangilio wa spika zinazomzunguka msikilizaji, kama katika ukumbi wa sinema. Haitaji umbali, na haimaanishi kwamba sauti moja ina mahali pake pamoja.

*Sauti ya mahali.* Inabeba dhana inayotakiwa, na inaingia moja kwa moja katika mfumo wa ngeli za mahali. Ina udhaifu mmoja: yaweza kueleweka kama sauti zinazopatikana mahali fulani, mathalani sauti za soko au za stendi ya mabasi. Udhaifu huo huondolewa kwa kutumia wingi na kulitaja eneo pale inapokusudiwa maana hiyo ya pili: *sauti za soko la Mwanjelwa*, *sauti za mahali hapo*.

Ngeli za mahali katika usikivu

Mjini Iringa kuna jabali liitwalo Gangilonga. Kwa Kihehe jina hilo huelezwa kuwa ni jiwe linalosema. Tulitumie jina hilo kama mfano wa sarufi. Mtu aliyesimama karibu na jabali anaweza kusema sentensi tatu, zote sahihi:

1. *Jiweni pana sauti.*
2. *Jiweni kuna sauti.*
3. *Jiweni mna sauti.*

Neno *jiweni* halikubadilika. Upatanisho ndio uliobadilika. Katika sentensi ya kwanza msemaji anaweza kuonyesha kwa kidole: sauti iko palepale, mahali dhahiri. Katika ya pili anataja upande au eneo lisilo na mipaka: sauti iko kule jiweni, huenda mbele yake, huenda nyuma yake. Katika ya tatu sauti imo ndani ya jiwe lenyewe.

Watafiti wa sauti ya mahali hutofautisha hali tatu zinazokaribiana sana na hizo, na lugha nyingi hulazimika kutumia vishazi virefu kuzieleza. Kiswahili kinazieleza kwa silabi moja.

Hali ya mu-: sauti husikika ndani ya kichwa. Ndivyo ilivyo kwa sauti nyingi za hedifoni zisizopitishwa katika chujio la kichwa. *Kichwani mwangu mna sauti. Mwimbaji yumo mle kati ya masikio.*

Hali ya pa-: sauti imetoka nje ya kichwa na ina mahali pake. Hilo ndilo lengo la uundaji wa sauti ya masikio mawili. *Mbele yangu, hatua tatu, pana sauti. Mwimbaji yupo pale.*

Hali ya ku-: sauti iko nje, lakini imetawanyika kwa sababu ya mwangwi wa kuta au wa mabonde, na msikilizaji hutaja upande tu. *Nyuma kuna sauti. Mwimbaji yuko huko.*

Kwa hiyo, mfasiri akikutana na kauli kwamba sauti «imetoka kichwani», asiridhike na kitenzi hicho peke yake. Aangalie kama imehama kutoka *mle* kwenda *pale*, au kutoka *mle* kwenda *kule*. Ni matokeo mawili tofauti ya jaribio. La kwanza ni mafanikio kamili. La pili ni nusu ya safari.

Tahadhari: katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi hutumia *ku-* kwa hali zote tatu. Si kosa katika mazungumzo. Katika matini ya kitaalamu, hata hivyo, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, na inafaa ilindwe.

Mitego sita

Sentensi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala hii. Kila neno lake ni Kiswahili fasaha, na haina kosa la upatanisho:

> *Sauti ya juu ya kulia ilisikika inapotoka katika kipaza sauti cha nyuma kwa masafa makubwa.*

Ina mitego sita. Mmoja una maana tatu, na mitano iliyobaki ina maana mbilimbili. Kwa hesabu ya karatasi, sentensi hiyo inaweza kusomwa kwa namna 96.

1. Juu. *Sauti ya juu* yaweza kuwa sauti yenye nguvu, sauti nyembamba, au sauti itokayo sehemu ya juu. Tatizo huongezeka kwa kuwa maana mbili za mwisho zina uhusiano katika usikivu wenyewe: mwaka 1930 mwanasaikolojia Carroll Pratt alionyesha kwamba watu huelekea kuzisikia sauti nyembamba kana kwamba zinatoka juu zaidi kuliko sauti nene, hata kama zote zinatoka mahali pamoja. Matini inayoeleza jambo hilo kwa kutumia *sauti ya juu* kwa maana zote mbili itasomeka kama tamko tupu: sauti ya juu husikika juu. Kiswahili kina mgawanyo mzuri wa kazi, na wazungumzaji wanaujua: *nene* na *nyembamba* kwa kiwango cha sauti, *kubwa* na *ndogo* kwa nguvu yake, na *juu* na *chini* kwa mahali pake. Hivyo: *Sauti nyembamba huelekea kusikika juu kuliko sauti nene.* Tamko sasa lina habari.

2. Kulia. Kuna maneno mawili yanayotamkwa na kuandikwa sawa. La kwanza linatokana na *-la*, kula: mkono wa *kulia* ni mkono wa kulia chakula. La pili ni kitenzi *-lia*, kutoa mlio au machozi. Katika matini nyingine muktadha huamua. Katika matini ya sauti, muktadha ndio unaotatiza, kwa kuwa kila kitu hulia. Andika *upande wa kulia*, *mkondo wa kulia*, *sikio la kulia*. Na kwa kitendo tumia nomino *mlio* au kitenzi kilichonyambuliwa kwa wakati: *kipunji aliyelia upande wa kulia*. Neno la zamani *kuume* halina utata huu, na linafaa katika matini ya kifasihi.

3. Inapotoka. Kirejeshi *-po-* hutaja wakati na mahali. *Sauti inapotoka* ni «wakati sauti inatoka» au «mahali pale sauti inatoka». Katika taaluma ambamo wakati ndio unaotumika kupimia mahali, utata huu haufai. Kwa chanzo cha sauti andika *inakotoka*, au *inamotoka* ikiwa chanzo ni chombo chenye uwazi ndani. *-po-* iachiwe kazi ya wakati, isipokuwa *mahali* limetajwa: *mahali inapotoka*.

4. Kipaza sauti. Jina hili hutumika kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji na kwa chombo kinachoitoa kwa wasikilizaji. Mkutanoni haileti shida. Maabarani, kimoja huwekwa ndani ya sikio na kingine ukutani. Tumia *maikrofoni* kwa cha kwanza na *spika* kwa cha pili. *Kinasa sauti* libaki kuwa chombo kinachohifadhi rekodi.

5. Nyuma. Hutaja upande wa mgongoni na pia jambo lililotangulia. *Sauti ya nyuma* yaweza kuwa sauti iliyosikika awali. Andika *sauti iliyotangulia* kwa wakati, na *sauti ya upande wa nyuma* au *ya mgongoni* kwa mahali. *Mbele* ina utata uleule.

6. Masafa. Ni umbali, na ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, kama katika *masafa ya redio*. Mambo yote mawili hupimwa katika sauti ya mahali, mara nyingi katika aya moja. Pendekezo letu ni *umbali* kwa hali ya kwanza, likipimwa kwa mita, na *masafa* kwa ya pili, yakipimwa kwa hezi.

Baada ya mitego kuondolewa, mojawapo ya maana zilizowezekana husomeka hivi:

> *Mlio mwembamba ulisikika katika sikio la kulia, ukitoka kwenye spika iliyo upande wa nyuma, umbali wa mita nne.*

Ile karatasi ya msituni nayo ingeandikwa: *Saa 1:40 asubuhi, mlio mkubwa wa kipunji, upande wa kulia wa njia, kuelekea mlimani, kule, si pale.* Neno la mwisho linamwambia msomaji kwamba mwandishi alisikia upande tu, na hakuweza kuonyesha mti. Mwenzake wa bonde la pili akiwa ameandika kwa usahihi huohuo, karatasi mbili zinaweza kulinganishwa.

Kwa walimu: jaribio la mpira wa maji

Jaribio hili halihitaji umeme wala kompyuta. Chukua mpira wa maji wa urefu wa mita moja na nusu hivi. Weka alama katikati kabisa, kisha alama nyingine kila sentimita moja pande zote mbili. Mwanafunzi akae ameipa meza kisogo, na ashike ncha za mpira karibu na masikio yake, bila kuzisukuma ndani. Mpira upite juu ya meza nyuma yake. Mwenzake agonge mpira taratibu kwa kalamu, mara katikati, mara pembeni, na mwanafunzi ataje kila mara upande sauti inakotoka.

Kugonga sentimita moja kutoka katikati huongeza njia ya upande mmoja na kupunguza ya upande wa pili, hivyo tofauti ya njia huwa sentimita mbili. Kwa kasi ya mita 343 kwa sekunde, tofauti ya muda ni karibu milisekunde 0.06. Wanafunzi wengi watakisia upande bila ya kukosea, na watashangaa kuambiwa udogo wa muda waliouhisi.

Kasi hiyo ni ya hewa yenye nyuzi joto 20. Kwa nyuzi 10, ambazo si ngeni asubuhi ya mwezi Juni mjini Mbeya au Iringa, kasi ni karibu mita 337. Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba kasi hupungua kwa sababu ya mwinuko, kwa kuwa Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sivyo. Wepesi wa hewa peke yake haubadilishi kasi ya sauti. Linalobadilisha ni baridi.

Somo la lugha lifuate papo hapo. Kila mwanafunzi aandike alichosikia kwa sentensi tatu, moja kwa kila ngeli ya mahali, kisha aeleze ni ipi inayolingana na alichosikia. Wengi watasema kwamba mgongo wa katikati ulisikika *mle* kichwani. Hiyo ni kweli, kwa sababu mpira, kama hedifoni ya kawaida, huyapita masikio ya nje bila kuchujwa nayo.

Muhtasari wa istilahi

- chujio la kichwa [li-/ya-]: jumla ya mabadiliko ambayo kichwa, mabega na masikio huyafanya katika sauti kabla haijaingia sikioni.
- kivuli cha kichwa [ki-/vi-]: upungufu wa nguvu ya sauti katika sikio lililo upande wa pili.
- mkondo [u-/i-]: njia moja ya sauti iliyorekodiwa; *mkondo wa kulia, mikondo miwili*.
- mwangwi [u-/i-]: sauti inayorudi baada ya kugonga ukuta, jabali au mlima.
- sauti nene, sauti nyembamba: sauti ya masafa madogo, sauti ya masafa makubwa.
- tofauti ya muda: muda kati ya sauti kulifikia sikio moja na kulifikia la pili.
- ufuatiliaji wa kichwa [u-]: upimaji wa mwelekeo wa kichwa ili sauti ibaki mahali pake msikilizaji anapogeuka.
- uundaji wa sauti ya masikio mawili [u-]: kazi ya kompyuta ya kuipa sauti mahali kwa kutumia chujio la kichwa.

Linganisha: *mlio, mwangwi, mahali (ngeli ya), -po-, -ko-, -mo- (virejeshi vya mahali), kulia, kuume.*